Kosa Halilali

Tarehe 6 Februari

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Na nyingine umpelekee Baba pale kitandani, umwambie mwanawe anamwamkia kwa magoti yote mawili. Goti lako je, bado linatabiri mvua? Sisi huku tu wazima, mimi na Kifungo binti yangu. Ametimiza miaka sita na meno mawili ya mbele yameng'oka. Akicheka anafanana na Baba kabla hajavaa meno yake.

Usishangae kuona barua zama hizi za simu. Nimemwomba Mjomba atuchukulie kwenye lori lake kila akipita. Ile simu yako ya Jumapili haikukatika, Mama. Niliikata mimi. Ulikuwa unaniuliza jambo, kabla sijalishika ukaniuliza la pili, Kifungo anaimba, jirani wa chini anagonga msumari, nikaona maneno yote yanasukumana mlangoni na hakuna hata moja ninalolijua. Barua ni ya polepole. Barua inaningoja.

Sasa nikuchekeshe. Karakana yetu imepata kazi ya magauni ya wauguzi, meupe, kitambaa kile chenye uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Unajua mimi ndiye mkataji. Nimekata mikono jozi kumi na moja. Fundi wa kuunganisha akaweka wa kwanza, sawa. Wa pili haukai. Akaugeuza, haukai. Akapaza sauti karakana nzima isikie: "Dada, hawa wauguzi wako wote wana mikono miwili ya kushoto?"

Jozi zote, Mama. Sikukunja kitambaa uso kwa uso, nikakata mmoja mmoja bila kugeuza. Kitu ulichonifundisha kabla sijajua kusoma. Mzee Pasi, yule babu wa kunyoosha nguo, alicheka mpaka akaunguza kola. Tajiri hakucheka.

Ni uchovu tu. Usiwe na wasiwasi.

Ni mimi mwanao


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na Baba yako ameipokea ya kwake kwa ule upande wa mdomo ambao kiharusi hakikuuchukua. Goti linatabiri mvua na kiangazi siku moja, nimeacha kulisikiliza. Mbusu Kifungo kwenye pengo.

Nilipofika kwenye jozi kumi na moja nilivua miwani nikaifuta. Mtu akikosea jozi moja, amechoka. Akikosea mbili, amependa. Kumi na moja hizo ni kitu kingine, na wewe unakijua.

Sheria ya nyumba hii unaifahamu. Kosa halilali. Mshono ulioharibika unafumuliwa kabla jua halijazama, tena na yule yule aliyeushona. Ulikuwa na miaka tisa nilipokufumulisha foronya moja mara nne. Ulilia, ukaniita mama wa kambo. Nikakuacha ulie, lakini ulifumua. Tangu siku ile sijaona mkasi wako ukipotea njia.

Kwa hiyo usiniambie uchovu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Una nini? Lifumue, mwanangu, jua lingalipo.

Mama yako


Tarehe 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hii itakukuta umeketi. Kama umesimama, keti kwanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye foronya nalia. Basi, nafumua.

Mwaka jana jicho langu moja liliingia ukungu wiki tatu, likarudi lenyewe. Nikasema ni vumbi la pamba. Kisha miguu ikawa inakufa ganzi. Nikasema ni stuli. Mwezi wa kumi wakanilaza, wakaniingiza kwenye mashine inayogonga kama vyerehani arobaini, wakapiga picha ya ubongo. Ugonjwa una jina refu, ulimi wangu haulimudu. Wenyewe wanauita kwa herufi mbili tu, Emu Esi. Hauambukizi. Wala sijarogwa, mwambie Shangazi asihangaike.

Daktari ni mama mmoja mpole. Alipojua mimi ni fundi akasema, "Basi nikueleze kifundi." Ndani ya kichwa mna nyaya, na kila waya umevishwa ngozi yake, kama waya wa cherehani ya umeme. Sasa askari wa mwili wangu mwenyewe, wale wa kupigana na vijidudu, wamekosea adui. Wanaitafuna ile ngozi. Pengine panapona, pengine panabaki kovu, na waya ukikaa uchi sana nao unakufa. Habari zinapita, ila zinachechemea.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nimekuwa mjinga?"

"Hapana. Uliyoyajua yote bado unayajua. Yanachelewa kufika. Na mawili yakija pamoja, yanagongana."

Kisha akanipa karatasi ya alama, viduara na visalaba, kila alama na namba yake, akaniambia nitaje namba upesi kwa dakika moja na nusu. Nilitaja ishirini na sita. Nikamuuliza wenzangu wa umri huu wanataja ngapi. Aliangalia dirishani kwanza. "Hamsini na kidogo."

Mama, laiti ningekuwa nachechemea kwa miguu. Mtu akichechemea watu wanampisha. Mimi natembea vizuri, nimevaa vizuri, nikisimama katikati ya duka nimesahau nilichofuata, wanasema huyu dada ana maringo. Tajiri anasema nimeanza mapenzi na simu.

Lakini usiogope, nimejitungia dawa yangu. Nyuzi mkononi. Nyekundu ni Kifungo, kumchukua shule saa saba na kumwacha kwa jirani wa chini. Ya bluu ni jiko. Nyeupe ni vidonge. Nikimaliza jambo nafungua uzi wake. Mkono ukiwa mtupu, siku imekwisha salama. Na kila mwezi natundikiwa dripu hospitali kuu, ndiyo maana siwezi kurudi nyumbani. Huko kwetu dripu hiyo haipo. Daktari anasema nikiikosa, askari wanaamka.

Nakuomba kitu kimoja. Usiniambie nimlete Kifungo. Najua tayari umeishika kalamu kuandika hivyo. Iweke chini. Baba yake alikwenda kutafuta kazi na nafikiri bado anaitafuta. Tumebaki wawili. Tukivuka barabara namshika mkono wa kulia, gari likija kwa kasi namvuta nyuma, naye anasema, "Mama, umenivuta mpaka bega limetoka!" Hapo najua bado nina kazi duniani.

Mwanao


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Nimeketi kama ulivyosema. Kuinuka ndiko kulikuwa kazi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikwenda kwenye cherehani nikakanyaga bila kitambaa, sindano ikipiga hewa, mpaka Baba yako akauliza nashona nini. Nikamwambia nashona upepo. Akasema, "Basi unishonee na mimi kaptura." Nikamweleza.

Ningekuja, unajua ningekuja hata kwa kutambaa. Lakini Baba yako hageuki kitandani bila mimi. Nikikosekana siku mbili mgongo wake unatoka vidonda. Na wewe dripu imekufunga huko. Aliyebaki mwenye miguu ya kusafiri ni mmoja tu.

Kalamu sikuiweka chini. Mlete Kifungo. Si kwa sababu hufai. Kwa sababu jiko lina moto na barabara ina magari.

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Baba hajambo? Kaptura ya upepo imemkaa?

Hapana.

Samahani, nimeanza vibaya lakini sifumui. Hapana, Mama. Nikimtoa huyu nitabaki na nini, na nyuzi? Yeye ndiye ananiamsha, yeye ndiye ananifanya nichanue nywele. Mkasi wameshanichukua. Tajiri amenihamishia kwenye vifungo na mapindo, kazi ya wanafunzi. Mzee Pasi ananifariji, anasema, "Mama Kifungo kushona vifungo, mbona umepandishwa cheo!" Nimecheka. Nyumbani nikalia kidogo tu, kisha uzi wa bluu ukanikumbusha sufuria.

Unaona? Nyuzi zinafanya kazi. Wiki tano sasa sijakosa saa saba hata siku moja. Mtoto anakula, anasoma, juzi ameandika neno "mama" likiwa na miguu mingi kama tandu. Nipe mpaka shule zifungwe. Nikiteleza mara moja, mara moja tu, nitakuambia mwenyewe.

Mwanao anayekupenda hata akikukatalia


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Mjomba amepita mara mbili mikono mitupu. Nimemuuliza umemwambia nini. Anasema ulisimama mlangoni ukasema "barua bado haijaiva", ukafunga. Anasema Kifungo alichungulia nyuma yako na hakumsalimia.

Mtoto yule hamsalimii Mjomba wake wa pipi?

Sina la kuuliza zaidi. Ikiiva, ilete. Hata ikiwa mbichi.

Mama yako


Tarehe 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilikuahidi nitakuambia mwenyewe.

Ilikuwa siku ya joto. Nilikuwa nashona vifungo vya yale magauni ya wauguzi, mikono inatoka jasho, uzi mwekundu ukachuja rangi. Kola nyeupe ikapata doa la waridi. Nikaufungua uzi haraka nikautia mfukoni, nikakimbia bombani kabla Tajiri hajaona. Doa likatoka. Nikarudi nikaendelea.

Saa saba ikafika, nikaangalia mkono. Uzi mwekundu haupo. Na sheria yangu mwenyewe inasema uzi usipokuwepo, jambo limefanyika. Mama, moyo wangu ulitulia kabisa. Nilishukuru. Hata nikaona kichwani mwangu nimempeleka kwa jirani, amevua viatu. Nilimwona.

Saa kumi na moja nikabisha kwa jirani. Akasema, "Leo hukumleta."

Sijui nilivukaje barabara. Nilimkuta getini, mlinzi amempa stuli yake, yeye mlinzi amesimama. Hakulia. Aliniambia, "Nilikuwa nahesabu magari mekundu. Yakifika arobaini naanza upya." Nikamuuliza ameanza upya mara ngapi. Akasema, "Mara nyingi, lakini nilijua utakuja."

Asubuhi yake nilitoa kibweta cha nyuzi nijifunge. Akachukua uzi mwekundu, akanyoosha mkono wake mdogo. "Huu nifunge mimi. Wewe unausahau."

Nikamfunga. Nisingemfunga ningemwambia nini?

Sasa unajua kwa nini barua haikuiva.

Mwanao


Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu, amekataa meno leo mpaka asikie habari zako.

Nikuambie jambo nililomficha kila mtu, hata yeye. Ulikuwa na miaka mitatu. Tulikwenda duka la vitambaa, nikakukalisha juu ya kaunta kando ya jora la pamba. Nikalipa, nikabeba jora begani, nikaenda zangu. Nimefika kituoni ndipo nikaona nimebeba kitambaa, mtoto nimeacha. Niliporudi mwenye duka alikuwa amekupima kwa futi yake ya mbao, anasema, "Mama, huyu ni mita moja kasoro, nikufungie?"

Na ubongo wangu ulikuwa mzima, hauna kovu hata moja.

Kwa hiyo usijipige. Sikuambii nilikuambia. Hapa kuna kitanda kidogo kando ya cherehani, shuka ni safi, shule iko mtaa wa pili. Ukitaka. Ukiona. Sitalirudia tena.

Mama yako


Tarehe 30 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua hii anaileta Kifungo mwenyewe. Yuko na Mjomba, kiti cha mbele cha lori. Mpe kwanza maji, halafu soma.

Si ile siku ya getini iliyonishinda. Ile ningeisamehe, ulivyonisamehe. Ni Jumamosi iliyopita. Wenzake walikuwa wanacheza kamba chini, nasikia wanamwita, "Kifungo! Kifungo shuka!" Yeye amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma kama mlinzi, anaangalia maziwa kwenye moto. Nikamwambia nenda kacheze. Akasema, "Nikishuka nani atakuambia moto?" Nikamwambia nina uzi wa bluu. Akaniangalia, Mama. Alivyoniangalia ndivyo wewe unavyomwangalia Baba anaposema leo ataweza kusimama.

Kumbe na shuleni hataki kwenda. Mwalimu ameniita. Kila siku tumbo linauma, na tumbo halina ugonjwa. Anaogopa nikibaki peke yangu.

Nilidhani nikimtoa ni kwa sababu mimi ni hatari. Hilo ningelipinga mpaka mwisho. Lakini mtoto wa miaka sita ananilea, Mama. Anaamka kabla yangu kuhesabu vidonge. Meno yameota, pengo limeziba, na sijamwona akicheka nilione limezibaje.

Basi nikuambie mambo yake. Hapendi ngozi ya maziwa, itoe asiione. Akilala anashika sikio la mtu, mpe lako, usiwe mchoyo. Anajua kutia uzi kwenye sindano kunizidi, ila usimpe sifa sana. Na akija jikoni akakuambia, "Bibi, moto," mwambie hivi: moto ni wangu mimi, wewe kacheze. Mwambie kila mara. Usichoke.

Uzi mwekundu uko mkononi mwake, amekataa kuufungua. Sikumlazimisha.

Nimemwambia anakuja kwako mpaka dawa inishike vizuri. Si uongo. Mimi mwenyewe naamini. Sasa hivi alipopanda lori akaniuliza, "Na wewe nani atakushika mkono ukivuka?" Nikasema mlinzi wa shule. Ule ndio uongo.

Mwanao


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Kifungo amefika salama. Maji alikunywa, kisha akaenda moja kwa moja jikoni.

Siku tatu amesimama pale. "Bibi, moto." Namwambia moto ni wangu, kacheze. Anasogea hatua moja, anarudi. Babu yake akamwita akamwambia, "Njoo unilinde mimi, mimi ndiye naweza kuungua, siwezi kukimbia." Akacheka, pengo kweli limeziba, jino moja limekaa upande kama lako. Lakini akarudi jikoni.

Siku ya nne watoto wa jirani walikuwa na mpira wa matambara. Nikageuka kuchambua mchele, nikageuka tena, mlango mtupu. Alirudi magoti meusi, sketi imechanika, anahema, ananiambia amefunga magoli mawili na golikipa ni mwizi. Nikamwosha. Nilipofika mkononi, uzi mwekundu haukuwepo. Umekatikia huko mpirani na hakuona.

Sikumwambia. Na wewe nakuambia ili ujue, si ili ulie. Ukilia, lia kidogo.

Sikio langu moja limekuwa jekundu.

Mama yako


Tarehe 14 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Hii naiandika siku ya tisa. Naandika mistari mitatu, napumzika. Usipime urefu.

Wamepiga picha nyingine. Zile sehemu zilizoliwa zimeongezeka mbili. Na ubongo wenyewe umenywea kidogo, Daktari alinionyesha, pembeni kumekuwa na nafasi. Nikasema kama pamba iliyokatwa kabla ya kuloweshwa. Akasema ndivyo. Nikauliza haiwezi kunyooshwa. Akasema hapana. Lakini kuna dripu mpya, ina nguvu, tumeanza. Haishoni palipochanika. Inazuia pasichanike zaidi. Hiyo mimi inanitosha, Mama. Pasichanike zaidi.

Zile alama nilitaja kumi na tisa.

Karakana nimeacha. Tajiri hakunifukuza, alinipa kiti tu nikae bila kazi, na mtu akipewa kiti anaelewa. Mzee Pasi anakuja Jumamosi. Ananipigia hadithi polepole. Anapiga polepole makusudi, najua.

Mzigo huu ni gauni la Kifungo. Nimelishona mwenyewe. Mshono mmoja kwa siku. Kitambaa cha bluu chenye maua, uso na mgongo, kama unavyoona. Mikono nimekata uso kwa uso. Nimehakikisha. Nimeandika ukutani kwa chaki, nimehakikisha.

Likiwa na kosa niambie. Usinihurumie. Kosa halilali. Nitumie nifumue mwenyewe. Nina muda.

Nikipata nafuu nakuja mwaka mpya. Mwambie. Mwambie abaki hapo hapo alipo, mimi ndiye nitakuja.

Mwanao


Tarehe 2 Novemba

Mwanangu,

Salamu za Baba yako, na za jino la upande. Mvua imenyesha goti halikusema kitu.

Barua yako nimeisoma polepole kama ulivyoiandika. Siku tisa nami.

Umesema nisikuhurumie. Sikuhurumii. Pindo limenyooka kama limepigwa rula. Kola, hata mimi ujana wangu nisingeikalisha vile. Vifungo havitatoka mpaka kiama. Mikono yote miwili ni ya kushoto.

Nililitandika gauni mezani, nikachukua mkasi mdogo wa kufumulia. Kitambaa cha kukata mkono mwingine kilikuwepo, umeacha kwenye pindo kama nilivyokufundisha. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na wewe mwenye mshono uko mbali. Miaka arobaini nimeisimamia sheria ile, nimeliza mafundi, nimekuliza wewe. Nikapitisha ncha chini ya mshono wa kwanza, na nikaona ulivyoushona. Mishono midogo, karibu karibu. Mahali pengine umerudia mara tatu juu ya mahali pamoja. Nikajua hapo ulipumzika, ukarudi, ukasahau kama umeshapita, ukapita tena ili uwe na hakika.

Kifungo akaingia. "Bibi, unafanya nini na gauni langu?"

Nikamwambia mkono mmoja umekosewa, naufumua.

Akalinyakua. Akalivaa pale pale juu ya nguo za shule, likamganda kwenye bega la kulia, mkono ukarudi nyuma. Akanyoosha, ukarudi. Nikasema unaona, linakuvuta, litakusumbua, nipe. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi, anauangalia ule mkono.

Akasema, "Usifumue. Linanivuta nyuma kama Mama, gari likija."

Jua likazama, mwanangu. Gauni likiwa mwilini mwake.

Leo amelivaa kwenda shule. Amevuka barabara mbele yangu, hataki nimshike.

Njoo mwaka mpya. Ukichelewa, chelewa. Tunakungoja.

Mama yako